Mtani Juu ya Barafu

New Hope, Ijumaa alasiri

Skola mwanangu,

Kwa mamlaka ya mkuu wa kaya hii, na baada ya kikao kirefu nilichokaa peke yangu mezani pa jikoni, natangaza rasmi kwamba ile opena ya makopo yenye mpini mwekundu haitakwenda California. Nimeikuta ndani ya begi lako, imeviringishwa kwenye soksi kama bastola. Imerudishwa kwenye droo yake na ulinzi umeimarishwa.

Mambo ya taifa yamekwisha. Nina jingine.

Wewe uko Maplewood, unamngoja mama yako atoke kazini hospitali mkanunue sanduku lenye magurudumu. Nina saa mbili, labda tatu. Mjomba wako Evaristo yuko sebuleni, amewasha televisheni na haitazami. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa hilo sanduku, uisome ndegeni. Najua Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, na ukinijibu utanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako. Soma polepole. Habari za kula, kuvaa na kufunga mlango mama yako amekwisha kukuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma. Mimi nataka kukuandikia kuhusu mguu wa mjomba wako.

Kesho asubuhi mnaondoka wawili. Wewe unakwenda kufanya kazi kwa Bwana Harlan, promota wa mbio za pikipiki, na mjomba anakusindikiza kwa wiki moja ili usiku wa ufunguzi wa msimu atembezwe uwanjani mbele ya watu kama Mwana wa Mfalme kutoka Kilimanjaro, aliyerudi. Wazo hilo ni lako. Ulimwandikia Harlan faksi mwenyewe, Harlan akalipenda, akatuma tiketi. Nilipoisoma ile faksi nilishtuka jinsi ilivyoandikwa vizuri. Ilikuwa kama nimeiandika mimi.

Unachokijua wewe ni kwamba mjomba alikuwa bingwa, akaja kukimbia Marekani, akaanguka. Umelikuza jambo hilo tangu una miaka kumi na mmoja. Hebu nikueleze alivyotengenezwa.

Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha uchapaji kule Fridley, kwenye mashine ya rangi mbili. Siku moja akaingia mtu mrefu, amevaa koti la ngozi na viatu vya mvua, anataka mabango mia tano yaliyoandikwa MBIO ZA KIMATAIFA ZA PIKIPIKI JUU YA BARAFU. Mimi nina ugonjwa wa kusoma ninachochapa. Nikamuuliza wakimbiaji wanatoka nchi gani.

"Anoka," akasema, mji wa jirani tu. "St. Cloud. Na mmoja Wisconsin."

"Wisconsin ni nchi?"

"Ukiwa Minnesota, ndiyo."

Nikampenda papo hapo. Hilo ni kosa langu la kwanza, kumpenda mtu kwa sababu anajibu haraka.

Mchezo wenyewe ni huu, maana wewe ulikuwa mtoto na ulikuwa unatazama soseji. Pikipiki nne, mizunguko minne, wote wanakata kushoto. Pikipiki ina gia moja na haina breki. Matairi yamejaa skrubu zilizochongoka kama mgongo wa nungunungu, ili yang'ate barafu. Mbio moja inakwisha kwa dakika moja. Mtu akiinama kuokota pakiti ya haradali ya soseji iliyoanguka, akiinuka mshindi amekwisha vua kofia. Tulikuwa na Mwaustralia mmoja, wa kweli, naye alinieleza kwamba kwao, na kule Poland na Sweden, watu wanajaza viwanja wakati wa kiangazi, wanaipenda timu ya mji kama wanavyoupenda mji. Baba anampeleka mwanawe, mwanawe atampeleka wake. Hapa kwetu watu walikuja dirisha la tiketi wakauliza kama kuna farasi.

Kwa hiyo Harlan alikuwa anauza kitu ambacho mnunuzi hakijui. Akikodi ukumbi wa barafu mji huu Ijumaa na mji ule Jumamosi, nusu ya viti vilikuwa vitupu, na nusu iliyojaa ilikuwa ya watoto wa shule waliopewa tiketi za bure ili wazazi wao wanunue za kwao. Wazazi waliwashusha mlangoni wakaondoka.

Akaniomba niende Jumamosi moja nitazame. Nikaenda. Nilichukua mabango yaliyoharibika kiwandani, nikaandika nyuma yake. Sikuandika nani kashinda. Niliandika watu wanasimama wakati gani. Jumamosi tatu nzima nilikaa na mgongo nimeupa uwanja, natazama watazamaji, wenzangu wakidhani nimepewa kiti kibovu. Watu walisimama mara mbili tu: bendera ya nchi ya mbali ilipopita, na mtu alipoanguka. Kwa mshindi walipiga makofi wamekaa. Yule Mwaustralia alishinda kila mbio, kwa ufundi wa kupendeza, akiinama mpaka goti linagusa barafu, na wakati anafanya hivyo watu walikwenda chooni.

Nikampelekea Harlan matokeo yangu. Nikamwambia, watu hawa hawamjui mtu hata mmoja, kwa hiyo hawana wa kumwombea ashinde. Wape bendera. Na wape mtu ambaye wana hakika ataanguka. Na bendera moja usiitumie zaidi ya msimu mmoja, maana mwaka wa pili wataanza kuuliza maswali.

Akaniangalia kama daktari anavyoangalia picha ya mapafu. "Ulisoma wapi wewe?"

"Kwenye mabango yako."

Basi nikawa mshauri wake wa Jumamosi. Fundi bomba wa Anoka nilimfanya Mswidi. Alikuwa na bibi Mswidi, kwa hiyo uongo ule ulikuwa na mizizi. Nilimkataza tu kuzungumza. Yule wa Wisconsin nikamfanya Mfini, akafurahi sana, akaanza kununa hata akiwa nyumbani kwake. Wadhamini wakaanza kuja. Mwenye duka la matairi alitaka jina lake liandikwe kwenye makalio ya suruali za wakimbiaji, kwa kuwa, alivyosema, ndiko watu wanakotazama. Hakukosea.

Kisha Harlan akasema, "Afrika hatuna." Akanitazama tumbo, akaacha kunitazama.

Nikamtoa shemeji yangu.

Nikifika hapa mkono unakuwa mzito, kwa hiyo ngoja nianze mbali kidogo. Mjomba wako alikuwa bwana shamba Iringa. Serikali ilimpa pikipiki, akawa anapita kwenye matope kukagua mahindi ya watu. Huo ndio ubingwa wake wote. Alikuja huku kwa kozi fupi, kozi ikaisha, akapata kazi ile nyumba ya wazee hapa New Hope, kazi ya kuwanyanyua wazee kitandani na kuwarudisha. Alikuwa na mgongo kama meza. Wazee walimgombania, kwa sababu alikuwa anawanyanyua huku anaimba. Alilala kwenye sofa yetu, akakufundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, mama yako akakasirika.

Halafu kuna utani, na huu huujui, kwa sababu mtu hawezi kuujua kwa kuelezwa. Mama yako na mjomba ni Wahehe. Mimi ni Mngoni. Mababu walipigana mpaka wakachoka, wakaona ni afadhali kutukanana. Tangu hapo Mngoni na Mhehe ni watani, na mashemeji ndio kabisa. Mtani anakuita mwoga mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejitoa, umekuwa mtu baki. Hata msibani mtani anakuja, analala karibu na kaburi, anajifanya maiti, anamtukana marehemu, na wenye msiba wanacheka machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi yake. Nimeiona nyumbani mara nyingi na sijaona tiba nyingine inayofanya kazi vile.

Sasa fikiria tiba hiyo mikononi mwa mtu kama mimi.

Nilimpeleka ziwani Januari tukamfundishe. Wazungu wamekaa ndani ya vibanda vyao juu ya barafu, wanavua samaki kwa kamba kupitia kitobo, wanatuchungulia kwa chuki kwa sababu ya kelele. Evaristo akaizunguka ile pikipiki mara mbili.

"Shemeji, breki iko wapi?"

"Haina."

"Imeharibika?"

"Haijawahi kuwepo."

"Basi aliyeitengeneza ni Mngoni."

"Panda, we Mhehe. Babu yako alipotukimbia, kwani alikuwa na breki?"

Akapanda. Akaanguka. Akapanda tena. Alianguka siku ile mpaka wavuvi wakatoka vibandani kutazama, na mimi, badala ya kumhurumia, nikaangalia kama wamesimama. Walikuwa wamesimama wote.

Wiki ya pili akaweza kuzunguka bila kuanguka. Harlan hakufurahi sana.

Jioni moja tukirudi kwenye gari akaniambia, taratibu, bila kunitazama, "Shemeji, mimi naogopa kile kitu."

Skola, sauti ile niliijua. Haikuwa ya utani. Mtu akitania huangalia kama umecheka, na yeye alikuwa anaangalia dirishani. Nilikuwa na nafasi pana kama barabara ya kumjibu kwa sauti ileile. Nikasema, "Mhehe anaogopa? Ngoja Jumapili nitangaze kanisani."

Akacheka. Angefanya nini? Sikumpa neno lingine la kutumia. Hakusema tena.

Kulikuwa na fomu ya kutia sahihi, kurasa tatu za Kiingereza cha wanasheria, zinazosema mkimbiaji akivunjika, akiungua au akifa, mwenye mbio hahusiki. Evaristo alinipa nimtafsirie. Nilimtafsiria kurasa tatu kwa sentensi moja: "Ni mambo ya kawaida tu." Akatia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa bwana shamba.

Bango nilitunga mimi, nikalichapa mimi. MWANA WA MFALME KUTOKA KILIMANJARO! BINGWA WA AFRIKA MASHARIKI! ANAIONA BARAFU KWA MARA YA KWANZA! Kutoka Iringa mpaka Kilimanjaro ni safari ya siku nzima, na barafu alikuwa ameikwangua kwenye kioo cha gari langu majira mawili ya baridi mfululizo. Lile bango unalo, umelitia fremu, nimeona umelifunga kwa mataulo liende California. Angalia kona ya chini kushoto. Kuna alama ya kidole gumba, wino mweusi. Ni changu.

Jumamosi ile ulikuwepo. Mama yako alikuwa kazini, nikakuketisha safu ya tatu na soseji mbili. Unakumbuka taa zilivyozimwa, ngoma zikapigwa kwenye kaseti, mjomba akaingia na joho la kitambaa cha pazia? Ukumbi ulijaa. Mimi nilipewa na Harlan kipaza sauti cha pili. Kazi yangu ilikuwa kusema kitu kwa Kiswahili, chochote, kisha yeye anajifanya anatafsiri. Nikisema, "Jamani, mlango wa choo cha wanaume umekwama," yeye anasema, "Mwana wa Mfalme anawasalimu kutoka kwa simba wa nchi yake." Watu wanashangilia. Nilijiona mtu mwerevu kuliko wote katika jimbo zima la Minnesota.

Mbio ya pili, kona ya kwanza, akaanguka. Hakuanguka vibaya. Aliteleza kwa ubavu kama alivyokuwa ameteleza ziwani mara mia. Yule fundi bomba, Mswidi wangu, alikuwa nyuma yake, na unakumbuka nilichokueleza kuhusu breki. Akampitia juu ya goti. Skrubu zile.

Nami niliona. Nilikuwa juu, karibu na mlingoti wa taa, nikaona vizuri kuliko wote. Halafu ukumbi mzima ukasimama. Wote, Skola. Safu kwa safu. Ndicho nilichokuwa nimekitafuta kwa Jumamosi tatu nyuma ya mabango mabovu, na kilipokuja mwili wangu ulikitambua kabla ya akili. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Nikasema kwa sauti ya mtani wa msibani, ile ya kuvuta maneno:

"Amka we Mhehe! Nani kakwambia hapa ni kitanda? Amka, Wangoni wamefika, kimbia kama babu yako!"

Harlan akanitazama kidogo, kisha akawaambia watu, "Anaombewa kwa lugha ya mababu." Wakainamisha vichwa. Watu wote mle ndani waliinamisha vichwa, isipokuwa mtoto mmoja safu ya tatu, aliyekuwa anajua Kiswahili. Wewe ulikuwa unacheka. Ulicheka mpaka ukamwaga soda.

Sikulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulimsikia baba yako akichekesha. Nakueleza ulichokiona.

Lakini kuna sehemu ya pili, nami nimeifunika miaka saba. Hospitali, siku iliyofuata, niliogopa kuingia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi kwa yale niliyosema. Ukatangulia wewe. Nilipofika mlangoni nikakusikia unamsimulia, kwa Kiswahili chako cha kuchanganya, ukiigiza sauti yangu: "Amka we Mhehe! Kimbia kama babu yako!" Na yeye akauliza, "Alisema hivyo? Saa ngapi?"

"Ukiwa umelala pale chini," ukasema.

Alikuwa hajasikia. Ana kofia ngumu, ana pamba masikioni, pikipiki tatu zinanguruma. Yangekwenda na moshi maneno yale. Ningejua hakusikia nisingesema, naye asingejua.

Akacheka, kwa ajili yako. Kisha akaniona mlangoni. Nikasubiri anitukane, angenitukana ningepona. Akasema, "Karibu, Baba Skola."

Hakuniita shemeji. Hakuniita Mngoni. Baba Skola, kama anavyoniita mwenye nyumba. Miaka saba sasa ananiita hivyo, kwa adabu kabisa, na ananipisha mlangoni, na akipita mbele yangu anasema samahani. Ulikuwa unadhani ni upole wake.

Mama yako alisema jambo moja tu, tukiwa kwenye gari. "Kuanzia leo humtanii ndugu yangu." Nikamwambia sikuwa na nia mbaya. Akasema, "Najua. Ungekuwa nayo ningejua la kukufanya."

Jumamosi iliyofuata Harlan alipata ukumbi uliojaa mpaka ngazini. Mimi ndiye niliyechapa bango jipya. Niliongeza neno HATARI, kwa rangi nyekundu, na nikasimama kando ya mashine kuhakikisha nyekundu haivuji. Huwa naambiwa mtu akitenda ubaya moyo humsuta papo hapo. Mimi siku ile nilichosikia ni njaa, nikala mkate na mayai. Kusutwa kulikuja baadaye sana, tena bila shughuli yoyote, nikiwa nakata majani.

Goti halikukunjika tena. Kunyanyua wazee hakuwezi. Walimweka kwenye chumba cha kufulia, anakunja mashuka. Wale wazee waliokuwa wanamgombania walikufa mmoja mmoja, waliokuja baada yao hawamjui. Msimu ulipokwisha nilimuuliza Harlan kama mwaka ujao Evaristo anaweza kupewa hata kazi ya kupokea tiketi. Akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe: bendera moja, msimu mmoja. Kisha akafunga mizigo, akahamia kwenye jua, huko California, akajenga uwanja wa udongo, na nasikia sasa viti vinajaa.

Yule Mwaustralia aliondoka kabla ya hayo yote. Harlan alimwomba ashindwe mbio moja kila jioni, watu wapate kumwonea huruma. Alikataa, akafungasha vyuma vyake. Alinikuta mlangoni akaniuliza, "Wewe ndiye unayetazama watu?" Nikasema ndimi. Akasema, "Kuna siku utazame pikipiki," akaondoka. Nilimwona mjinga.

Sasa wewe. Jumapili iliyopita ulisimama mezani ukamweleza mjomba mpango wako: taa zitazimwa, atatoka polepole na fimbo, "wala usifiche kuchechemea, mjomba, kuchechemea ndiyo yenyewe," na wewe utakuwa na kipaza sauti. Mama yako aliinuka akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mimi nilikutazama mdomo. Ulikuwa unapima, Skola. Ulisema neno, ukamwangalia mjomba, ukaona limemgusa, ukasema lingine. Sikukufundisha mimi. Au nilikufundisha safu ya tatu.

Na mjomba akasema, "Nitavaa suti."

Nilitaka barua hii ikuombe usimpeleke. Ndiyo sababu nimeketi hapa tangu saa nane, na nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine. Mara moja nimeiandika kwa hasira, mara moja kwa upole, ya tatu ilikuwa nzuri kiasi kwamba nikaichana, maana nilikwisha anza kuifurahia. Nilitaka kukuambia kwamba yule mtu hawezi kukukatalia kitu, kama alivyokuwa hawezi kunikatalia mimi, na kwamba mtu asiyeweza kukukatalia ndiye unayepaswa kumwuliza mara mbili. Nilitaka kukuambia kwamba watasimama, na utakapoona wamesimama utasikia raha mwili mzima, na raha ile haina breki.

Lakini imetokea jambo.

Nusu saa iliyopita niliinuka kuchemsha chai. Mjomba alikuwa ametandaza magazeti sakafuni sebuleni, ameunyoosha ule mguu, anapiga viatu rangi. Suti imening'inia mlangoni, ameipiga pasi mwenyewe. Akanisikia napita. Bila kuinua kichwa akasema:

"We Mngoni. Brashi ya viatu umeila?"

Nilisimama na birika mkononi. Miaka saba, mwanangu.

Nikasema, "Nimeila. Kwani Wahehe mlianza lini kuvaa viatu?"

"Tangu tulipowavua nyie mkikimbia." Akacheka kile kicheko chake cha zamani, cha kuwanyanyulia wazee. Kisha akaniambia, "Shemeji, unafikiri watanikumbuka?"

Nikamwambia watamkumbuka.

Nikarudi hapa mezani nikachukua kalamu kubadili barua. Nilikuwa nataka kuandika: mpeleke. Mpeleke, na mimi nimekosea tena, safari hii kwa kuogopa, kwa sababu labda anachokidai yule mtu ni kutoka uwanjani kwa miguu yake, watu wakiwa wamesimama. Nilikuwa nataka kukuombea jambo moja tu, kwamba kipaza sauti usikishike wewe, umpe yeye, aseme analotaka kwa Kiswahili, na asiwepo mtu wa kutafsiri. Nilikuwa nimefika hapo, nikijisifu kimoyomoyo, simu ikalia.

Alikuwa Harlan. Hajabadilika, anajibu kabla hujauliza. Anakungoja kesho, anasema una kipaji, anasema ana meza yako tayari. Nyuma yake nilisikia pikipiki. Kisha akaniambia kwamba tiketi ya mjomba ameifuta. Wamempata Mrusi, wa kweli, na huyo amekatika mguu mzima.

Evaristo bado hajaambiwa. Amemaliza kiatu cha kulia.

Baba yako